Mrejesho: mdogo wangu amepata kazi Lubumbashi

Wandugu, niliwauliza mdogo wangu, aliyemaliza masomo ya usanifu wa michoro, apitie wapi kupata kazi ya kwanza. Amepata! Mlisema aache kusambaza diploma, aonyeshe kazi. Akatengeneza bango la mgahawa wa jirani, mtaani Kamalondo, akalipeleka kwa wachapaji mjini. Mmoja alilitazama sana, akauliza kwa nini rangi za kwenye kompyuta hufifia zikichapwa. Mdogo wangu akajibu bila kusita: kioo kinatumia RGB (mwanga mwekundu, kijani na bluu), mashine ya kuchapa inatumia CMYK (wino wa samawati, majenta, njano na mweusi), hivyo unabadilisha faili mapema. Hapo hapo akaambiwa aje Jumatatu. Mshahara bado mdogo, ila mkataba umeandikwa, na hilo ndilo nililolisisitiza. Sasa anatamani kusaidia shirika la sanaa liitwalo Picha, waandaaji wa Biennale ya Lubumbashi (maonyesho ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili hivi) tangu 2008. Aliyewahi kufanya nao kazi, tafadhali atuelekeze. Aksanti sana.