Nywila moja ya ofisi nzima: tuanzie wapi?

Mtunza Seva, Tanga
Wanajukwaa, habari za kazi. Ninasimamia mifumo ya kompyuta katika chuo kimoja hapa Tanga, na kitengo chetu kina watumishi wawili tu. Muhula uliopita alama za wanafunzi kadhaa zilibadilishwa kwenye mfumo wa matokeo, na kumbukumbu za mfumo zinataja akaunti ya ofisi ya mitihani, ambayo nywila yake inajulikana na watu saba, kwa kuwa wakati wa kuingiza alama kila mmoja huwa na haraka. Akaunti tumeijua, aliyeitumia hatumjui, na wasio na hatia wamebaki wakitazamwa kwa jicho baya. Jambo hili linaniuma. Uongozi umetenga fedha za kununua kifaa cha kuchuja mawasiliano ya intaneti, nami naona hakitagusa tatizo hili hata kidogo. Niwaeleze vipi?

Mwalimu wa TEHAMA, Bagamoyo
Ndugu yangu, pole. Kifaa hicho huzuia wavamizi wa nje, ilhali huyu aliingia kwa nywila halali. Futeni akaunti ya pamoja. Kila mhadhiri awe na yake, iguse masomo anayofundisha tu, iwe na uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na namba ya siri inayokuja kwenye simu yake, kwa mfano), na alama zikishapitishwa zisibadilike bila idhini ya mtu wa pili. Gharama yake ni ndogo, lakini agizo litoke kwa Mkuu wa Chuo kwa maandishi, maana wahadhiri waandamizi hawatalipokea kutoka kwako. Mkumbushe pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023: anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda.

Mkutubi
Ninaunga mkono, ila fedha hizo msiziache zirudi. Nunueni diski za nakala rudufu. Desemba 2019 wahalifu walifunga kwa msimbo wa siri mafaili ya seva 267 za Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, yasifunguke, nacho kikalipa bitcoin 30, takriban euro 200,000, ili kurejeshewa mafaili yake. Walikuwa wameingia tangu Oktoba kupitia barua pepe za ulaghai, na baadhi ya nakala rudufu, kwa kuwa zilikuwa kwenye mtandao uleule, zilifungwa pamoja na mafaili yenyewe. Nakala moja ikae nje ya mtandao kabisa, na mjaribu kuirejesha kila muhula.

Mtunza Seva, Tanga
Ahsanteni sana. Rasimu ya barua nitaipeleka kwa Mkuu wiki hii. Je, wahadhiri wa muda, wanaofundisha muhula mmoja na kuondoka?

Mwalimu wa TEHAMA, Bagamoyo
Akaunti zao ziwekewe tarehe ya kufungwa siku ileile zinapofunguliwa, kwa kufuata mkataba. Ofisi ya utumishi ikuletee orodha; usingoje kusikia kwa watu kwamba fulani ameshaondoka.