Kuzamia kwa mtungi: mtoto wa miaka 13 aruhusiwe?

Mama Nuru:
Assalam aleikum wanajamvi. Binti yangu ana miaka 13, tunakaa Malindi, na tangu mwaka jana ananiganda anataka kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa mgongoni kule Watamu. Babake kakubali, tena asema watasoma pamoja, kwa sababu kanuni ya PADI, shirika linalotoa vyeti vya kuzamia, ni kwamba mtoto wa miaka 12 hadi 14 asipite mita 18 wala asizamie bila mtu mzima mwenye cheti. Fomu yataka saini ya mzazi. Iko juu ya friji, na mawifi zangu kila wakija wanaisoma na kuguna. Aliyepitia haya na mwanawe anieleze. Asiyekubali naye aseme kwa nini.

Mwana Shela:
Dada, usitie saini. Ada ya kozi hiyo kwa wengi wetu ni karo ya muhula mzima. Huo ni mchezo wa wageni wa hoteli. Mtoto aliyezaliwa pwani ana haja gani ya kufundishwa bahari na mtu aliyeshuka ndege juzi?

Tausi:
Kuzaliwa pwani si kuijua bahari. Hao wavuvi wenyewe, nusu yao hawajui kuogelea. Mama Nuru, mruhusu mtoto. Heri binti anayefunzwa hatua kwa hatua kuliko kaka zake wanaoruka kutoka gatini wakati wa bamvua, maji yamejaa sana, bila mtu wa kuwatazama.

Nahodha wa Mayungu:
Tausi, hiyo nusu umeihesabia bandari gani? Babangu alizamia kuvua kamba kwa pumzi yake mpaka akaota mvi, nami nikafuata nyayo zake. Unawatukana watu waliokulisha samaki tangu huna meno.

Tausi:
Sijamtukana mtu. Wewe wajua kuogelea, Mungu akuzidishie. Na wale wanaokuja kuajiriwa kuvuta nyavu za jarife, je? Ngomeni nimewaona kwa macho yangu wakipanda mashua wamekumbatia jerikeni tupu. Hilo ndilo boya lao.

Nahodha wa Mayungu:
Sasa imekuwa wa kuajiriwa. Ulisema wavuvi. Tumesoma sote.

Mwalimu Sudi:
Ami Nahodha, heshima yako iko palepale, lakini kuzamia kwako na kuzamia kwa mtungi ni mambo mawili. Wewe pumzi umeivuta juu, ukipanda inarudi kiasi kilekile. Mwenye mtungi anavuta hewa akiwa chini. Mita 10 tu presha ni mara mbili ya huku juu, kwa hiyo akibana pumzi akapanda, ile hewa yataka nafasi mara mbili na mapafu yanaweza kupasuka. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni kutobana pumzi kamwe, na kupanda polepole.

Nilimtazama kijana mmoja akifunzwa kwenye bwawa. Kapiga magoti chini, kavuliwa miwani, macho kayafumba, mkono wa mwalimu umeshika mkanda wake. Akairudisha usoni, akainua kichwa na kutoa pumzi kwa pua mpaka maji yote yakatoka ndani ya miwani. Akaambiwa arudie. Mzazi aulizie hayo: mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi majini, na mtoto akiogopa anapewa nafasi ya kusema basi? Si bei tu.

Mwana Shela:
"Si bei tu." Maneno hayo ni mepesi kwa mwenye kulipia mtoto mmoja. Mimi nina wanne.

Nahodha wa Mayungu:
Mwalimu, hayo ya presha sikuyapinga. Linaloniuma mimi ni hili. Mbuga ya bahari ya Malindi ilitangazwa 1968, wazee wetu wakaambiwa wasitie ndoana ndani. Sawa, samaki wamezaa. Lakini kijana wa Mayungu akitaka kuyaona yale matumbawe kule chini, apite mlango gani? Wetu wanabeba mitungi kutoka garini hadi botini. Kuivaa hawajawahi.

Tausi:
Hilo ni kweli na linauma. Ila la kuogelea hujalijibu.

Nahodha wa Mayungu:
Nilijibu mara ngapi? Walete hao wasichana wa mtaani kwenu Mayungu, maji yakiwa ya kadiri, mama zao wakae ufuoni. Nitawafundisha bure mimi na wanangu.

Mama Nuru:
Jamani, fomu yangu. Kuna jambo sikulisema: Nuru alikuwa na pumu alipokuwa mdogo, haijarudi siku nyingi. Karatasi ya afya imeuliza. Mawifi wanasema niandike hapana, ya zamani yamepita.

Mwalimu Sudi:
Usiandike hapana! Andika ndiyo, umpeleke kwa daktari, na asiguse mtungi mpaka daktari aidhinishe kwa maandishi. Hewa ikinaswa kwenye kifua chenye pumu wakati wa kupanda, hatari ni ileile niliyoitaja hata kama hakubana pumzi. Bibi, hapa usimsikilize mtu yeyote wa nyumbani.

Nahodha wa Mayungu:
Hapo Mwalimu kanena. Na msifanye haraka, bahari ya kusi si ya kujifunzia. Mngoje kaskazi, na iwe hukohuko Watamu, maana kaskazi ikivuma huleta tope la Mto Sabaki huku Malindi, maji yakawa mekundu, mtoto haoni hata mkono wake.

Mama Nuru:
Nimesikia. Daktari kwanza. Akikataa, nitamwambia Nuru mwenyewe, ingawa najua atalia. Akikubali natia saini, waguna wagune.

Mwana Shela:
Na Nahodha kasema kwake ni bure. Basi aanzie Mayungu ajue kuogelea, mtungi baadaye, na hizo pesa zikae.

Tausi:
Hapewi mtu cheti hicho cha kuzamia kabla hajaogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Halafu, Mwana Shela, nani kakwambia Nuru hajui kuogelea?