Ekzosi ya mkonga imeng'oka Engaruka: nikate nitolee ubavuni, au nirudishe ilivyokuwa?

Dogo wa Usa

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijaharibu gari.

Nina Land Cruiser mkonga (lile lenye bomba la kuvutia hewa lililopandishwa juu ubavuni), injini 1HZ ya dizeli, imerefushwa, paa la kuinua, viti saba vya wageni. Ni gari langu la kwanza mwenyewe baada ya miaka sita ya kuendesha ya watu, kwa hiyo kila kovu linaniuma.

Wiki iliyopita nilikuwa narudi kutoka Ngaresero. Kabla ya kufika Engaruka, kwenye yale mawe meusi, nilikanyaga jiwe kwa tairi la mbele kushoto, likabiringika, likaingia chini. Nikasikia mlio mmoja mkubwa, halafu gari likaanza kunguruma kama trekta. Kushuka naona sailensa imepasuka kwenye mshono wa mbele, flanji (kile kiungo cha bolti kinachounga mabomba) imepinda, na bomba la nyuma linaburuzika likiwa limeshikiliwa na raba moja tu. Nikalifunga kwa waya nikaenda nalo taratibu hadi Mto wa Mbu.

Sasa fundi mmoja hapa mjini ananishauri hivi: tutoe sailensa kabisa, bomba litokee ubavuni mbele ya tairi la nyuma, halafu chini yote kuanzia gia boksi apige pleti ya milimita 4 iliyozibwa pande zote, "jiwe lisilione bomba milele". Anasema na nguvu itaongezeka. Kazi na vifaa laki nne na nusu.

Tarehe 14 nina wageni sita, Tarangire, Natron, halafu Serengeti kwa kupitia Wasso na lango la Klein's. Waliowahi kufanya hivyo, mlionaje?

Mchanga Mzito

Kata tu mkuu. Pikapu langu la kubebea mchanga lina bomba fupi linatokea ubavuni, huu mwaka wa tatu, hakuna jiwe lililoligusa. Kelele unazoea.

Mzee wa Korongo

Dogo, pole sana kwa gari. Usikate. Na hiyo pleti ya kuziba pande zote usiiweke hata ukipewa bure.

Mchanga Mzito anasema kweli kwa gari lake. Pikapu la mchanga lina watu wawili mbele na nyuma kuko wazi, moshi unakwenda zake. Lako lina wageni wamesimama juu ya viti, paa limeinuliwa, vioo vimeshushwa, na siku nzima mnatembea mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu mkifuata simba. Gari la namna hiyo linavuta hewa kutoka chini na pembeni na kuipandisha hadi paani. Bomba likiishia chini ya bodi, moshi wake unavutwa pamoja na hiyo hewa.

Nitakueleza kilichonipata nikiendesha gari la kampuni moja. Bomba lilikuwa limefupishwa likaishia ndani ya ukingo wa bodi, kama kiganja kizima ndani. Familia, wazazi na watoto wawili. Tunapanda ukingo wa Ngorongoro, mama analalamika kichwa, mtoto mdogo anatapika. Kule juu ni kama mita 2,300, kwa hiyo wote tukasema ni mwinuko, nikawapa maji, tukashuka kreta. Lakini huko chini, ambako mwinuko umepungua, mtoto alizidi kulegea. Tulipofika mahali pa kula wakakaa nje saa nzima, akaamka, akaanza kukimbizana na dada yake. Tukaingia garini, nusu saa akawa amelala tena na midomo imebadilika rangi. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilizima injini palepale, nikafungua milango yote, nikaita redioni gari jingine liwachukue. Yule mtoto alikuwa na miaka minne. Mpaka leo nikiona bomba limekatwa chini ya bodi la gari la wageni, namfuata dereva na kumwambia, simjui wala hanijui.

Ile hewa yenye sumu ndani ya moshi haina harufu. Ukisubiri kunusa moshi ndipo ushtuke, umechelewa. Injini ya dizeli inatoa kidogo kuliko ya petroli, ni kweli, lakini ile yangu nayo ilikuwa dizeli, nozeli zimechoka na sakafu ina matundu. Haya magari yaliyorefushwa yana sakafu ya kuungwa. Ingia chini na tochi usiku, mwenzako akae ndani, uone mwanga unapenya wapi. Ziba kila tundu la waya. Kagua na mpira wa mlango wa nyuma.

Sasa hiyo pleti. Jiwe linaharibu bomba, nyasi zinachoma gari. Kati ya hivyo viwili mimi naogopa nyasi.

Mwezi wa sita nilikuwa napeleka vifaa vya kambi kaskazini ya Serengeti, njia ambayo magari hayapiti sana, nyasi za katikati zinafika kwenye boneti. Gari lilikuwa na pleti kama hiyo unayotaka kupigiwa. Nikasikia harufu kama ya mkate unaoungua. Nilikuwa na vijana wawili, nikawaambia tusisimame hapa, nikasogeza hadi kwenye upara wa jiwe, nikazima. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye kiungo cha pleti. Tuliifungua bolti nane kwa haraka huku mmoja ameshika mtungi wa kuzimia moto na mwingine ana dumu la lita 20. Iliposhuka, ilishuka na kitu ambacho sijakisahau: nyasi na mbegu zilizoshindiliwa hadi zikachukua umbo la sailensa, ungeweza kuzibeba kama kiota. Upande wa nje zilikuwa za rangi ya dhahabu, upande wa bomba nyeusi kabisa, na katikati kulikuwa na mstari mwekundu unaotembea taratibu bila mwali wowote. Kipande kimoja kilipopata upepo kikawaka mkononi mwa yule kijana. Raba mbili za ekzosi zilikuwa zimeyeyuka, na paipu ya breki ya nyuma ilikuwa sentimita kumi tu kutoka hapo.

Gari likitembea, upepo unapoza. Ukisimama, joto lote linabaki palepale na nyasi ziko juu yake. Ndiyo maana magari mengi yanawaka baada ya kusimama, wala si yakiwa mwendoni. Usiegeshe juu ya nyasi kavu bomba likiwa la moto, hata kama chui yuko kwenye mti.

Na habari ya nguvu, 1HZ ni lita 4.2, silinda sita, haina turbo. Inavuta hewa yenyewe. Kutoa sailensa kutakupa kelele, basi. Na wageni wamelipa wasikie ndege. Kama siku moja utafunga turbo, hapo tutazungumza habari ya bomba pana.

Fundi Gesi

Naunga mkono alichosema mzee, na mimi naongeza ya karakana kwa kuwa nachomelea hizi gari kila siku.

Kinga ya mawe ipo bila pleti ya kuziba. Chukua flatibaa (vyuma bapa) mbili za milimita 40 kwa 6, zitembee kwa urefu wa gari chini ya sailensa, moja kila upande. Zifungwe kwa bolti kwenye kros memba, vile vyuma vinavyokatisha fremu, zisishikwe kabisa na bomba. Ncha ya mbele ikunjwe kwenda juu kama pua ya ngalawa, jiwe likija gari linateleza juu yake badala ya kukwama. Katikati pabaki wazi: nyasi zinaanguka, tope linaanguka, upepo unapita, na wewe unaona. Acha nafasi ya vidole viwili hadi vitatu kati ya chuma na sailensa, maana bomba linacheza na likipata moto linarefuka.

Lililokuumiza wewe, kwa maelezo yako, ni flanji. Flanji ikining'inia chini ya mstari wa bomba ni ndoana. Mwambie fundi aigeuze, masikio yakae juu na pembeni, na ile sehemu ya chini aikate kwa grainda iwe laini. Tumia flanji, usikubali achomelee bomba zima kipande kimoja kutoka mbele hadi nyuma. Siku likipinda porini unataka kufungua bolti tatu ulitoe, ulinyooshe juu ya jiwe, urudishe. Bolti zipake grisi ya shaba, la sivyo mwakani utazikata.

Bomba lisiwe la galvanaizi. Wengi wanaletewa la maji kwa sababu lipo dukani na linang'aa. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi kama 420, na ukiichomelea ule moshi mweupe unampa fundi homa na kutetemeka usiku kucha. Nimelala nayo, najua. Chukua chuma cheusi cha kawaida, kipenyo kilekile cha zamani, usipunguze.

Kabla hajachomelea chochote, toa waya za betri, zote mbili, na klampu ya athi ikae karibu na anapochomelea. Nimeona altaneta imekufa kwa sababu ya dakika tano za uvivu.

Jambo la mwisho watu wanalisahau: bomba likishafungwa, piga jeki chini ya difu (ekseli ya nyuma) upande mmoja hadi springi ikunjike kabisa, uangalie. Kisha upande wa pili. Bomba linalopita juu ya difu linaonekana liko mbali gari likiwa sakafuni, halafu kwenye korongo la kwanza linagongwa. Propela, paipu za breki, kebo ya hendibreki na tangi, vyote hivyo vipe umbali, na pasipo na umbali weka bati la kukinga joto.

Zile kanda za kuzungushia bomba ziache. Zinashika maji, na wewe unakwenda Natron. Tope la magadi likikaa ndani ya kanda, bomba litaliwa ukiwa huoni.

Dogo wa Usa

Shikamoo mzee, nashukuru sana, na wewe fundi. Sikuwa nimefikiria habari ya moshi kabisa. Kesho nakwenda kumwambia asimamishe.

Swali moja limebaki. Huyu fundi alisema bomba la ubavuni linaweza kupandishwa juu, lisiingie maji kwenye makorongo. Nikirudisha nyuma, maji yakifika juu ya bomba itakuwaje? Mkonga si upo?

Mzee wa Korongo

Marahaba. Mkonga unalinda mdomo, mkia haulindi. Lakini mkia unajilinda wenyewe injini ikiwa inazunguka, kwa sababu moshi unasukuma maji nje. Utasikia inagugumia kama mtu anayesukutua, hiyo ni sawa. Kinachoua ni kukanyaga klachi katikati ya maji, au kuachia mafuta ghafla. Shuka kwanza, pima kwa fimbo, na kama kwa miguu huwezi kuvuka basi na gari lisivuke. Chagua gia namba mbili ya chini ukiwa bado nchi kavu, ingia, mguu utulie mahali pamoja hadi utoke.

Ikizima humo ndani, angalia kwanza eaklina, lile chujio la hewa. Kama ni kavu, na maji yamefika kwenye bomba tu, washa mara moja bila kukanyaga sana, moshi utayatoa. Kama eaklina imelowa, usiguse ufunguo. Vuta gari nje, toa nozeli au plagi za hita, ndipo uzungushe. Maji hayabanwi, yatapinda koneni rodi.

Tena usifike na kutumbukia. Ukitoka kupanda mlima injini imechemka, subiri dakika kumi ukingoni. Chuma cha moto kikiingia maji ya baridi kinaweza kupasuka, na difu nazo zinavuta maji zikipoa ghafla.

Mwambie fundi atoboe tundu dogo la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya sailensa, maji yapate pa kutokea. Na ukitoka Natron, osha chini kwa maji yasiyo na magadi siku hiyohiyo, usingoje Arusha.

Beba waya mgumu wa mita moja uliokunjwa ncha kama ndoana, klipu nne kubwa za chuma, kopo la maziwa ya unga lililokatwa, glavu za ngozi, mtungi wa kuzimia moto wa kilo 6. Kopo na klipu ndiyo bandeji yako bomba likitoboka. Ule waya ndio utakaoutumia kila siku.

Mchanga Mzito

Mzee umenifanya niende kuangalia langu. Mwanangu huwa anapanda nyuma ya kiti. Kesho narefusha bomba litoke nje ya bodi.

Dogo wa Usa

Wakuu, narudisha majibu. Niko Wasso, mtandao unakuja na kuondoka.

Nilimwacha yule fundi, tukaelewana vizuri, nikapata mwingine. Sailensa mpya, bomba limerudi nyuma na linatokeza nje ya bodi kama inchi mbili. Flanji zimegeuzwa, flatibaa mbili zimekunjwa pua. Tulipopiga jeki kwenye difu, kweli, bomba liligusa upande wa kulia, likapandishwa kidogo. Sakafu nilikuta matundu manne, moja linaingia kidole gumba.

Kupanda kutoka Ngaresero jiwe limegonga chini mara mbili. Nimeangalia, flatibaa ya kushoto imechubuka rangi, sailensa haijaguswa. Wageni wanaongea na mimi bila kupaza sauti.

Leo saa saba nimeegesha kwenye changarawe, nikalala chini nikaingiza waya. Zimetoka konzi mbili za nyasi, kavu, na bado za rangi ya dhahabu pande zote.