Rodi za kifaa cha kunolea visu zinacheza na ni fupi: nizibadilishe vipi?

Makali_Mawili: Wakuu, naomba msaada. Kifaa changu ni kile cha kibanio: kisu kinabanwa, kinoo kina rodi nyuma yake, na rodi inapita kwenye tundu la nyuzi 17, 20, 25 au 30. Rodi ni za mm 3, tundu limezidi kwa karibu mm 1, kwa hiyo zinacheza. Halafu ni fupi. Kwenye kisu kirefu cha jikoni zinachomoka nikikaribia ncha. Nataka kutengeneza ndefu. Chuma gani kinafaa, na huo mchezo naumalizaje?

Fundi Jiliwa: Mkuu, mchezo wa mm 1 si tatizo kubwa kama unavyodhani. Kutoka tunduni hadi kwenye makali ikiwa ni mm 150, hapo unapoteza theluthi ya nyuzi tu. Kinachoharibu kazi zaidi ni rodi zisizolingana. Laza kila kinoo juu ya kioo, uso wa kunolea chini, kisha pima kwa venia (kipimo cha kubana kinachosoma sehemu za milimita) ncha ya rodi iko juu ya kioo kwa kiasi gani. Rodi ya mm 160 ikiwa juu kuliko wenzake kwa mm 3, pembe ya kinoo hicho imepungua kwa nyuzi 1 hivi. Kama ndicho kinoo laini, kitang'arisha bega la makali (pale mteremko wa makali unapoanzia) na ukingo wenyewe unaokata hakiugusi kabisa. Utanoa mpaka uchoke na kisu hakikati nyanya. Legeza skrubu inayoshika rodi, sawazisha, kaza. Ikikataa, ikunje taratibu kwenye jiliwa. Kinoo kinene kuliko vingine kina kasoro hiyo hiyo, kwa hiyo nacho kirekebishie rodi yake.

Chuma_Pua: Kwa rodi mpya, nunua silva stili (fito laini za chuma cha kutengenezea zana) ya mm 4. Usiende urefu mkubwa kwa mm 3: ukitoka mm 160 hadi 250, rodi inapinda karibu mara nne zaidi kwa nguvu ile ile ya mkono. Kupanda hadi mm 4 kunakurudishia karibu yote. Tundu liongeze kwa kekee ya mm 4.2, polepole, kibanio kikiwa kimefungwa jiliwani.

Pale pa kukunja rodi ili ishike kwenye kinoo pashe moto hadi pawe pekundu, kunja, kisha iache ipoe hewani. Usiitumbukize majini! Chuma hiki kikipozwa majini kinakuwa kigumu na kitakatika pale pale kwenye kona. Ncha ipige tupa iwe duara, halafu msasa wa 400 na wa 1000. Paka mafuta mepesi ya cherehani kisha futa. Grisi inakamata vumbi la kinoo na kula tundu.

Makali_Mawili: Asante sana. Rodi za TIG za 308L, zile za kuchomelea chuma cha pua, je? Fundi wa kuchomelea hapa jirani anazo.

Chuma_Pua: Zinafaa kwa urefu mdogo, hazishiki kutu. Ila kama utaondoa mchezo kwa kugandisha sumaku ndogo ukingoni mwa tundu, ili rodi iegemee upande mmoja muda wote, 308L haivutwi na sumaku vya kutosha. Silva stili inavutwa vizuri. Futa sumaku mara kwa mara, inakusanya unga wa chuma.

Fundi Jiliwa: Wengine huweka rodi endi ya M5 (kiungo chenye gololi iliyotobolewa, rodi inapita ndani yake) badala ya tundu. Ni safi, lakini nyingi huinama takriban nyuzi 13 tu kila upande. Ukiisimamisha wima, nyuzi 20 hufiki. Ilaze kuelekea kwenye kisu kwanza.

Na namba zilizoandikwa kwenye kibanio zisikudanganye. Tundu likiwa mm 55 juu ya usawa wa bapa la kisu na makali yako mm 150 mbele, unapata nyuzi 20. Kisu kipana kikisogeza makali hadi mm 160, zimebaki 19. Paka makali kalamu ya maka, pitisha kinoo mara mbili bila kukandamiza, uone wino umetoka wapi.