Umeme wa gari la kampuni linalochajiwa nyumbani: posho, kilomita au uniti?

Mshika_Vitabu
Assalamu alaikum. Kampuni yetu inanunua magari matatu ya umeme kwa ajili ya wafanyakazi wanaozungukia mahoteli, na mkurugenzi anataka kabla ya mwisho wa mwezi nimpelekee pendekezo la namna ya kuwarudishia gharama za umeme wale watakaolala na magari majumbani mwao. Njia ninazozifikiria ni posho ya kiasi kimoja kila mwezi, malipo kwa kilomita, au malipo kwa uniti zilizoingia kweli kwenye gari. Ipi inafaa zaidi?

Mwana_wa_Wete
Waalaikumu salaam. Ndugu yangu, umeuliza bei ya kanzu bila ya kutaja kimo cha mvaaji. Magari ni ya aina gani, betri zake ni kubwa kiasi gani, yatakaa Unguja au yatavuka kuja huku Pemba, na mfanyakazi ataruhusiwa kwenda nalo shamba siku ya Jumapili? Kubwa kuliko yote, hao wafanyakazi wamejenga au wamepanga?

Fundi_Fuoni
Na mimi naongeza: nyumba hizo zina ethi, yaani waya wa usalama unaoingia ardhini?

Mshika_Vitabu
Ni Nissan Leaf zilizokwishatumika, za betri ya kilowati-saa 40, yaani uniti 40. Mawili yatakuwa Unguja, yakienda zaidi Nungwi na Paje, na moja litakaa Chake Chake. Matumizi binafsi bado hayajaamuliwa. Kuhusu nyumba, najua kwamba mmoja amepanga.

Karani_Mstaafu
Kwa magari matatu usijitese, toa posho. Wajerumani wenyewe, kwa ukali wao wa hesabu, waliruhusu kwa miaka mingi mwajiri alipe bila kodi kiwango kisichobadilika, ambacho kuanzia 2021 kilikuwa euro 70 kwa mwezi kwa gari la umeme mtupu ikiwa kazini hapana pa kuchajia, na euro 30 ikiwa papo. Karatasi zinapungua, ugomvi unapungua, na mhasibu analala usingizi.

Bi_Mizani
Mzee wangu, kwa heshima zote, Wajerumani hao hao wameifuta posho hiyo ilipoingia 2026, na sasa wanataka uniti zilizosomwa kwenye mita. Mimi naona kilomita ndiyo haki. Uingereza mamlaka ya kodi hutangaza kiwango kwa kila maili ya safari ya kazi. Kilianza na senti 4 za pauni mwaka 2018, na Septemba 2025 wakatenganisha umeme wa nyumbani na wa vituo vya hadhara, kwa kuwa wa vituoni ni ghali zaidi. Leaf ya namna hiyo hula takriban uniti 16 hadi 18 kwa kilomita 100. Mjini hadi Nungwi na kurudi ni kama kilomita 120, kwa hiyo ni uniti 20 hivi. Unaandika safari kwenye daftari, unazidisha, unalipa, na ya Jumapili shamba mtu anajilipia mwenyewe.

Fundi_Fuoni
Bi Mizani, hizo uniti 20 ni zilizotoka kwenye betri. Mita ya ukutani inaonyesha zaidi, kwani sehemu hupotea kuwa joto wakati wa kuchaji, na asilimia 10 hadi 15 ni jambo la kawaida kwa soketi ya pini tatu. Ukimlipa mtu kwa takwimu za skrini ya gari, kila usiku anakuongezea kidogo kutoka mfukoni mwake.

Mpangaji_Kwerekwe
Naomba nieleze yaliyonifika, kwa sababu mnajadili kiwango na mimi kilichoniumiza ni mita. Nilipewa gari la umeme na mwajiri wangu wa zamani wakati nikiishi nyumba ya kupanga yenye mita moja ya Tukuza, ile ya kununua umeme kabla, kwa familia tatu, na desturi yetu ilikuwa kuchangishana sawa kwa sawa, kila uniti zikikaribia kwisha mmoja anapita milangoni kukusanya. Mwajiri alikubali kunilipa kwa uniti mwisho wa mwezi baada ya kuona risiti. Risiti ikawa ni ya nyumba nzima, yenye friji la jirani na pampu ya maji ya mwenye nyumba ndani yake, na ofisini wakaniuliza ni ipi yangu. Nikawa nakadiria, ofisi ikasema nimezidisha, majirani wakasema nimepunguza. Ramadhani uniti zikatuishia usiku wakati wa daku huku gari likiwa limechomekwa uani, mama wa chumba cha pili akatoka na kibatari, akautazama ule waya tangu dirishani hadi kwenye gari, akarudi ndani bila ya kusema neno. Asubuhi mwenye nyumba akaniita.

Lakini lililonikera zaidi ni hili: Ulaya mtu anachaji, bili inakuja baadaye. Hapa umeme unanunuliwa kabla ya kutumika, na ukisubiri malipo ya mwisho wa mwezi maana yake ni mfanyakazi anaikopesha kampuni kila wiki. Mshahara wangu haukuwa na nafasi hiyo.

Karani_Mstaafu
Basi posho itolewe mwanzo wa mwezi, yameisha.

Mwana_wa_Wete
Hayajaisha. Kampuni inaweza kununua uniti kwa simu na kuziingiza moja kwa moja kwa namba ya mita ya mfanyakazi, hapo hapana wa kumkopesha mwenziwe. Kwa aliyejenga na mwenye mita yake, hiyo ndiyo njia nyepesi kuliko zote.

Mpangaji_Kwerekwe
Kwa aliyejenga, sawa. Zikiingizwa kwenye mita ya watu watatu ni sadaka.

Fundi_Fuoni
Ndiyo maana nasema wekeni mita ndogo ya pembeni, inayosoma waya wa gari peke yake. Mtu anapiga picha mwanzo na mwisho wa wiki, tofauti yake ndiyo deni. Waya huo utoke kwenye bodi kuu, uwe na brekaji yake, pamoja na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Nilikwenda kutazama nyumba moja ya pwani nikakuta gari limechomekwa kwenye soketi iliyounganishwa kwa waya mwembamba wa taa. Plastiki imekuwa rangi ya kahawia na pini zimeota kutu ya chumvi. Betri ya uniti 40 kwenye soketi ya kawaida huchukua saa 17 na zaidi kujaa, na soketi za kwetu hazikufungwa kwa mzigo wa muda huo. Gharama ya kazi hiyo ni ya nani? Hilo nalo liingie kwenye pendekezo.

Bi_Mizani
Na mfanyakazi akihama nyumba? Kampuni itang'oa waya?

Mwana_wa_Wete
Mimi nina swali jingine. Mwenye paneli za jua juu ya bati akichaji mchana bila ya kununua hata uniti moja, alipwe?

Karani_Mstaafu
Jua ni la Mwenyezi Mungu.

Mwana_wa_Wete
Jua ndiyo, Mzee, paneli kazinunua mwenyewe.

Bi_Mizani
Kwa kilomita angelipwa sawa na wenzake, na swali lisingezuka. Na umeme ukikatika mtu akawasha jenereta? Walioishi Unguja ile miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 hadi Machi 2010, hawahitaji kuelezwa. Jenereta dogo la nyumbani litahemewa na gari peke yake, na petroli yake haitafanana na kiwango chochote mtakachokiandika.

Mhakiki_Kodi
Nimesoma kimya. Mshika Vitabu, posho ya kiasi kimoja isiyo na risiti inaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya mshahara, na kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo waulize TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, kwa maandishi kabla hujampa mkurugenzi karatasi. Malipo yanayofuata mita au daftari la safari ni mepesi kuyatetea.

Mshika_Vitabu
Nashukuruni nyote. Kwa sasa naelekea kwenye mita ndogo, pamoja na kununua uniti kabla. Wa Chake Chake amejenga. Aliyepanga amenijibu leo kwamba mita yao ni ya nyumba nzima na mwenye nyumba yuko Maskati.

Fundi_Fuoni
Huyo gari lake lichajiwe ofisini.

Mshika_Vitabu
Ofisi nayo tumepanga.

Mpangaji_Kwerekwe
Mita ya hapo ofisini mnachangia na nani?