Naombeni ushauri: nijiuzulu vipi uweka hazina wa umoja wa akina mama kabla ya Jumapili?

Tumaini2 (mleta uzi): Wakuu, habari za usiku. Mimi ni mweka hazina wa umoja wa akina mama kanisani kwetu. Tuna mitaa saba, ule wa mwisho ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, maana mvua ikinyesha pikipiki hazipandi ule mlima. Tunawafikia wafiwa, wajane, waliojifungua, familia ambazo baba kaondoka. Kazi naipenda ila nimechoka, nataka kuachia nafasi kabla ya Jumapili hii bila kumuudhi mtu. Barua niandike kwa mwenyekiti au kwa mchungaji? Majibu ya heshima tafadhali.

Binti_Zebedayo: Kwa mwenyekiti, nakala kwa mchungaji. Na usijieleze sana. Mimi niliacha uongozi wa kwaya kwa barua ya kurasa nne, ikasomwa mbele ya kwaya nzima. Hadi leo sauti ya pili hawanisalimii.

Mzee_Kobe: Usiache binti yangu. Mary Sumner, mke wa mchungaji wa kijijini huko Hampshire, Uingereza, ndiye aliyeanzisha Mothers' Union mwaka 1876. Inasimuliwa kwamba kikao cha kwanza woga ulimzidi, akawaomba akina mama warudi wiki ijayo. Wakarudi, na yeye akarudi.

Fundi_Saa: Kwa nini kabla ya Jumapili?

Tumaini2: Nimechoka tu mkuu. Na mambo ya familia.

Fundi_Saa: Mtu hachoki kwa tarehe. Jumapili kuna nini?

Tumaini2: Sanduku linafunguliwa. Lilikuwa lifunguliwe mwisho wa mwezi, ila kuna msiba mtaa wa tano, mwenyekiti katangaza mfuko wa jamii utolewe mapema. Hela haitatimia. Sijala hata senti. Mtoto wa wifi yangu alizidiwa na kidole tumbo usiku, hospitali wakataka malipo kwanza. Wifi ni mwanachama, angeomba kikaoni angepewa. Nilimkopesha bila kikao, basi. Na njia ya kurudisha ninayo, kuna mikopo ya kwenye simu inaingia ndani ya dakika tano. Nilichouliza ni barua, sio hela.

Mama_Wawili: Mtoto anaendeleaje?

Tumaini2: Katolewa nyuzi juzi. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza, asante.

Mtumishi_Mdogo: Anania na Safira, Matendo 5. Sina la kuongeza.

Ngumbaru: Anania alificha hela ya shamba lake mwenyewe, mtumishi. Geuza ukurasa, sura ya 6 kuna wajane kabisa wanaosahauliwa kwenye mgao wa kila siku.

Mstaafu_wa_Vikundi: Nimefundisha vikundi vya kuweka na kukopa tangu nikiwa na nywele. Mtindo huu wa sanduku ulianza na wanawake wa Maradi, Niger, mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE. Kufuli tatu, funguo tatu, wanawake watatu tofauti, na hao watatu wasiwe viongozi. Mtunza sanduku hashiki ufunguo hata mmoja. Sasa wewe mweka hazina ulilifunguaje usiku?

Ngumbaru: Chai hii. Nilijua tu.

Fundi_Saa: Mwezi uliopita kuna mwingine alileta mweka hazina wa kikundi cha vijana, na yeye alikuwa na mgonjwa wa usiku. Hawa ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Wasimamizi, fungeni uzi.

Binti_Zebedayo: Na mimi nimeshamsimulia mambo ya kwaya yangu!

Tumaini2: Sio chai. Sanduku liko chini ya kitanda changu. Ufunguo mmoja anao wifi mwenyewe. Wa pili anao jirani, nilimwamsha akautoa dirishani, alidhani mwenyekiti karuhusu. Wa tatu ni wa mama mkwe. Anauweka ndani ya jalada la Biblia yake, lile la zipu, kaubana na pini kwenye kitambaa cha ndani. Alikuwa kalala. Ile zipu ina jino limekatika, ukifika pale unairudisha nyuma kidogo ndipo ipite. Najua kwa sababu huwa namfungulia mimi, macho yake hayaoni vizuri.

Mama_Wawili: Kwa hiyo wewe ndiye unayemsomea?

Tumaini2: Kila jioni. Tangu siku ile nimesema naumwa koo.

Fundi_Saa: Naondoa neno langu. Lakini ngoja, mtoto wa wifi si mjukuu wake huyo mama? Kwa nini hukumwamsha?

Tumaini2: Angesema tumwamshe mwenyekiti kwanza. Mwenyekiti anakaa ng'ambo ya mto. Mngekuwa nyinyi mngevuka?

Ngumbaru: Mimi sijui kuogelea.

Mstaafu_wa_Vikundi: Dada, sikiliza. Anza na mama mkwe, leo, kabla jirani hajamfikia. Kisha mwenyekiti. Mkopo uandikwe kwenye daftari kwa jina la wifi, na faini ulipe kama katiba yenu inavyosema. Barua achana nayo, mweka hazina akijiuzulu siku mbili kabla ya kuhesabu watu watahesabu kwa sauti. Na mkopo wa simu usiuguse, utaziba pengo la sanduku ufungue lingine nyumbani kwako, na riba yake haina msamaha wa kichungaji.

Mtumishi_Mdogo: Amina kwa hilo.

Binti_Zebedayo: Umesikia mdogo wangu? Huo wa simu usiuguse kabisa.

Tumaini2: Uliingia jana saa nne usiku. Haikufika hata dakika tano.