Kakimbia mume kaacha na kazi, hapa Uganda kuna hela yoyote atapata?

Mama Zuu, Ntinda:
Habarini wana kundi, poleni na mvua. Swali si langu ni la mdada wa kwetu Tanga, tuko naye hapa Kampala siku nyingi. Kafanya kazi hotelini miaka minne, sasa mume akawa anamvizia getini akitoka shifti, anapiga simu mapokezi mpaka wenzake wanachoka, Jumatano kamzaba makofi na kumsukuma mbele ya askari wa geti. Dada kaona aibu hajarudi tena kazini, simu kazima, yuko kwa rafiki Mukono. Sasa dada yake aliyeko Boston anasema kule ukiacha kazi kwa sababu kama hiyo unalipwa. Na hapa je?

Baba Nuru, Bugolobi:
Pole zake jamani. Hapa hakuna, Uganda haina fao la kukosa kazi la aina yoyote, hata ukipunguzwa kwa barua nzuri yenye muhuri. Watu wanafikiri NSSF ndio hiyo, siyo, ile ni akiba ya uzeeni. Wanakata asilimia 5 kwako, mwajiri anaongeza 10, halafu unaisubiri mpaka miaka 55, au 50 kama umekaa mwaka mzima bila kazi. Sheria ilivyorekebishwa 2022 ukifika 45 na umechangia miaka kumi unachukua asilimia 20. Huyo dada ana miaka mingapi, thelathini na? Basi asiihesabu. Na wapya mjue NSSF ya hapa, ya Kenya na ile ya Bongo zinafanana jina tu, huwezi kudai ya Dar ukiwa kaunta ya Kampala, nimeshaona mtu anagombana na mhudumu kwa hilo.

Mzee wa Worcester:
Huyo dada wa Boston hajadanganya ila hajamaliza maneno. Nimeishi Massachusetts, jimbo lenye Boston kule Marekani, miaka minane. Kule kawaida ukiacha kazi mwenyewe hupati kitu, lakini majimbo mengi yameweka kwenye sheria kwamba aliyeacha kwa sababu ya kupigwa nyumbani hahesabiwi kama aliyeacha kwa kupenda, Massachusetts ni moja. Wanataka ushahidi, amri ya mahakama au rekodi ya polisi au karatasi ya daktari. Na lazima uwe na kibali halali cha kufanya kazi, uwe tayari kufanya kazi nyingine na kila wiki useme umetafuta wapi. Ukikimbilia jimbo lingine unadai kule ulikofanyia kazi, siyo ulikojificha, hapo wengi wanapotea. Hela inatoka kwenye kodi anayolipa mwajiri, kwa hiyo hapa ambapo mfuko wenyewe haupo hata jaji awe na huruma namna gani atoe wapi.

Kiprono wa Najjera:
Mimi niko HR, ofisi ya wafanyakazi, hapa Kampala, naomba mnisikilize hii moja. ASINYAMAZE. Akikaa kimya HR wataandika ametoroka kazi na hapo ndio anapoteza hata kidogo alichonacho. Leo leo atume meseji, hata WhatsApp, kwa HR siyo kwa supavaiza, aseme yuko hai, amepigwa mbele ya geti lao na askari wao ameona, anaomba ruhusa. Halafu aende kwa daktari. Sheria ya ajira ya 2006 inasema mtu akishindwa kufanya kazi kwa ugonjwa au kuumia, mwezi wa kwanza analipwa mshahara wote. Hapa kwetu hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na hela za Boston, na watu hawaitumii kwa sababu wanaona kupigwa na mume si ugonjwa. Jeraha ni jeraha. Pia aulize siku zake za likizo zimebaki ngapi, sheria inatoa siku 7 kwa kila miezi minne, na kama hoteli ina tawi lingine aombe kuhamishwa. Asiandike barua ya kuacha kazi, akiacha yeye, kwa miaka yake minne anadaiwa notisi ya mwezi. Wakimfukuza bila kumuita ajieleze kuna wiki nne za mshahara wa mkononi, anapeleka malalamiko kwa leba ofisa ndani ya miezi mitatu. Uganda imeridhia pia mkataba wa ILO, shirika la kazi duniani, namba 190 mwaka 2023, unagusa ukatili wa nyumbani unaomfuata mtu kazini, autaje kwenye barua, HR wengine wanashtuka wakiona namba.

Baba Shani:
Mambo ya mke na mume jamani, kesho wanapatana nyinyi mnabaki na aibu.

Bi Rehema, Kibuli:
Baba Shani pumzika. Mama Zuu, mimi nimepita huko. LC1 wetu, mwenyekiti wa kijiji, alitupatanisha mara tatu, mara tatu nikarudi na jicho jeusi. Nendeni polisi dawati la familia na watoto, mchukue PF3, fomu ya polisi ya majeraha, ni ileile jina kama ya Bongo, daktari aijaze, mbaki na kopi. Halafu kwa hakimu, sheria ya ukatili wa nyumbani ya 2010 inampa uwezo wa kutoa amri ya zuio. Muombe aandike na geti la hoteli, siyo nyumbani peke yake, mimi nilisahau akanifuata dukani. Na hoteli isifute picha za kamera za Jumatano, hilo waambieni mapema.

Mama Zuu, Ntinda:
Asanteni sana. Meseji ameituma jana usiku, HR kajibu asubuhi kampa wiki moja halafu walete karatasi ya daktari, picha za kamera anasema ataulizia kwa wa ulinzi. Kesho saa tatu tunaenda polisi, hataki kupanda taksi, hizi daladala za hapa, maana stendi ya Mukono mume ana jamaa zake. Kuna mwenye gari anatoka upande ule asubuhi?

Baba Nuru, Bugolobi:
Mimi. Nitumie namba yako pembeni.